Makao ya Wazee: Omba Kuonyeshwa, Usiombe Kuhakikishiwa

Barua za safari hii zimetoka kwa watoto wa wazee, kwa walezi wa zamu na kwa fundi mmoja. Tumezijibu kwa mazoea yetu yale yale: kiwango cha usalama ni kitu kinachopimika kwa kipimajoto, kwa rula, kwa saa au kwa karatasi yenye sahihi. Maneno "msiwe na wasiwasi" hayamo kwenye orodha hiyo.

SWALI: Tuko watoto watano na tumekubaliana kumtafutia mama makao. Tumetembelea mawili. Kote tumepokewa vizuri, kote kunang'aa. Tutofautishe vipi? (Kifungua mimba)

JIBU: Sakafu inayong'aa inakwambia kuna mtu wa usafi, basi. Rudini bila miadi, ikiwezekana Jumapili jioni, maana saa hizo wakubwa wa ofisini hawapo na nyumba inaonekana ilivyo. Ombeni kukaa sebuleni nusu saa. Kengele ya mkazi ikilia, tazameni saa mhesabu dakika mpaka mtu afike. Angalieni pia kama walioketi wana kengele mkononi au imeachwa kitandani, hatua tatu kutoka kwenye kiti.

Kisha ingieni chooni mtazame kamba ya kengele. Inatakiwa ining'inie hadi karibu na sakafu, kwa sababu anayeihitaji zaidi ni yule aliyekwisha kuanguka. Mara nyingi utaikuta imefungwa fundo huko juu ili isilowe wakati wa kupiga deki. Sisi fundo hilo tunaliamini kuliko cheti kilichotundikwa mapokezi.

Harufu ya mkojo katika chumba kimoja asubuhi ni ajali ya asubuhi hiyo. Harufu iliyoshika kwenye korido na kwenye viti vya sebule ni ya siku nyingi. Jagi la maji lililojaa hadi juu saa kumi jioni, na bilauri kavu kando yake, maana yake hakuna aliyemnywesha mzee tangu asubuhi.

Msimamizi muulizeni maswali mawili kwa pamoja: usiku mnakuwa walezi wangapi, na wakazi wangapi hawawezi kugeuzwa au kuinuliwa na mtu mmoja? Hakuna hesabu moja inayofaa kila nyumba, lakini majibu hayo lazima yaendane. Kama walezi ni wawili na wakazi wa namna hiyo ni 8, na kila mmoja anachukua dakika 15, kila raundi ni saa 2 ambazo walezi wote wawili wamejifungia chumba kimoja na korido haina mtu. Hapo hapo ulizeni zoezi la moto la mwisho lilifanywa kwa idadi gani ya walezi. Zoezi la saa nne asubuhi, ofisi nzima ikiwa kazini, halijibu swali la saa tisa usiku. Jibu la kuridhisha litataja kuwahamishia wakazi nyuma ya mlango wa kuzuia moto unaofuata, ghorofa ile ile, badala ya kuwateremsha wote ngazi kwa mara moja. Na kama mlango huo umezuiwa kwa kiti usijifunge, mpango mzima ni bure.

Mwisho, ombeni kuelezwa wanavyofuatilia uzito. Kila mkazi apimwe angalau mara moja kwa mwezi. Aliyepungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja au asilimia 10 kwa miezi 6 bila kukusudia anahitaji kuchunguzwa. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 3 kwa mwezi. Swali lenye uzito si kama wanapima, ni nini kilifanyika mara ya mwisho mizani iliposhuka: meno bandia yaliangaliwa? Kumeza? Dawa zinazoua hamu ya kula? Asiyeweza kueleza anapima ili kujaza daftari.

Ah, na daftari la malalamiko. Nyumba yenye malalamiko sifuri kwa mwaka mzima itieni shaka. Ama wakazi wanaogopa kusema, ama hakuna anayeandika.

SWALI: Baba ana miaka 84, ameanguka mara mbili usiku ndani ya wiki tatu. Nimeomba wamwekee reli za kitanda, msimamizi amekataa. Nisisitize? (Binti yake)

JIBU: Dada, msimamizi ana haki ya kukataa, ila hana haki ya kuishia hapo.

Reli humfaa mtu asiyejiweza ambaye anaweza kubingirika bila kukusudia. Baba yako anaamka na kushuka mwenyewe. Akikuta reli ataipanda, na badala ya kuanguka kutoka usawa wa godoro ataanguka kutoka juu ya reli. Hatari ya pili ni kunaswa shingo au kifua kati ya vyuma, au kati ya reli na godoro. Nafasi ambayo kichwa kinaweza kupenya isifike sentimita 12, na hiyo ipimwe godoro likiwa limelaliwa: godoro la hewa hubonyea pembeni, mwanya ukapanuka. Reli iliyotolewa kwenye kitanda cha aina nyingine ndiyo mbaya kuliko zote.

La msingi ni kujua anaamka kufanya nini. Omba kumbukumbu za kuanguka zenye saa, mahali na alichokuwa akitaka. Wazee wengi wanaoanguka usiku walikuwa wanakwenda haja. Ikiwa mara zote mbili ilikuwa karibu na saa nane usiku, mlezi amwendee saa saba na nusu ampeleke choo kabla hajajipeleka. Kama anatumia dawa ya kuongeza mkojo jioni, mwombeni daktari aangalie kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Dawa za usingizi na za kutuliza nazo ziangaliwe upya. Msizikatishe wenyewe, kuna ambazo zikiachwa ghafla huleta degedege.

Apimwe presha akiwa amelala dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, kizunguzungu chake kimepata jina na daktari ana pa kuanzia. Kipimo hiki hakihitaji zaidi ya mashine ya presha na uvumilivu, na bado ndicho kinachorukwa.

Kitanda kiwe na kimo ambacho akiketi ukingoni nyayo zinakanyaga sakafu yote na magoti yanakuwa pembe mraba. Kuna nyumba hushusha kitanda hadi chini kabisa kwa kila mkazi. Kwa baba anayeweza kusimama huo ni mtego mwingine, kwa sababu atapambana kuinuka na kupinduka mbele. Taa hafifu iwake njia nzima hadi chooni. Kitembezi kiwe upande anaoshukia, mpini wake ukifika kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono imening'inia. Geuza miguu ya kitembezi uone mipira ya chini. Ikilika hadi chuma kinaonekana, inateleza. Mkeka wa kengele kando ya kitanda, unaolia akiukanyaga, unasaidia pale tu mlezi anapofika haraka, na waya wake usikatize njia.

Akianguka tena, asinyanyuliwe kwanza. Aulizwe, atazamwe. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika, asisogezwe mpaka wataalamu wafike. Akigonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, aende hospitali hata akisema hajambo. Na aliyekutwa chini bila shahidi ahesabiwe amegonga kichwa. Anayebaki makaoni aangaliwe kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, kisha kila saa 2: fahamu, mboni za macho, kutapika, nguvu za mikono na miguu. Kosa la kawaida ni "amelala, tumwache apumzike". Usingizi mzito usio wa kawaida ndiyo dalili yenyewe. Aamshwe.

SWALI: Mimi ni fundi. Mkazi mmoja nusura aungue bafuni, nikaagizwa nishushe tanki la maji moto hadi nyuzi 45. Nitekeleze? (Fundi wa zamu)

JIBU: Hapana, fundi. Utaondoa hatari moja na kufuga nyingine. Bakteria wa legionela, anayeleta nimonia kali kupitia mvuke na matone ya bafuni, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Tanki la nyuzi 45 na mabomba yanayopoa humo njiani ni shamba lake. Wazee ndio anaowamaliza.

Maji yahifadhiwe kwa nyuzi 60, yafike mabomba ya mwisho yakiwa si chini ya 50, na yapozwe hapo hapo penye bafu kwa vali ya kuchanganyia iliyofungwa isizidi 44. Kipande cha bomba kati ya vali na mdomo kiwe kifupi kadiri iwezekanavyo, kwani humo ndimo vuguvugu hulala. Maji baridi nayo yakae chini ya 20.

Vali ijaribiwe. Acha maji yachanganyike, kisha funga ya baridi ghafla. Vali nzima itakata maji moto ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kutiririsha na joto kupanda, bafu hilo lifungwe siku hiyo hiyo. Sababu ya mara kwa mara ni chujio lililoziba uchafu na chokaa kwenye mojawapo ya njia mbili, wala si vali kuchakaa. Bomba la chumba kisicho na mtu lifunguliwe dakika kadhaa kila wiki, kichwa cha bafu kiondolewe chokaa kila miezi 3, na mabomba yaliyokatwa na kuachwa ukutani bila kazi yang'olewe.

Waambie na walezi: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde 5 hivi, na ya mzee ni nyembamba zaidi. Mwenye kisukari anaweza asihisi kitu miguuni. Kupima kwa kiwiko hakutoshi. Maji yakorogwe, kipimajoto kiingizwe, namba iandikwe kabla mkazi hajaguswa na maji.

SWALI: Tuna wakazi 22 na saa ya dawa ni vurugu. Mwenzangu hupanga dawa za wote alfajiri kwenye vikombe vyenye majina ili kuokoa muda. Tena kuna bibi asiyeweza kumeza vidonge, tunamsagia tunachanganya na uji. Tunakosea? (Mlezi)

JIBU: Kote kuwili.

Kidonge kikishatoka kwenye pakiti yake hakina jina tena. Vyeupe vya duara vya presha, vya moyo na vya kutuliza vinafanana, na kikombe kikipinduka au majina mawili yakilingana, hakuna wa kurekebisha. Dawa itolewe kwa mkazi mmoja kwa wakati mmoja: fungua karatasi yake, linganisha na lebo, hakikisha ni yeye kwa picha na jina, mpe, subiri ameze, ndipo utie sahihi. Anayetia sahihi kabla anaapa juu ya jambo ambalo halijatokea. Akikataa, iandikwe amekataa na kwa nini. Nafasi tupu kwenye karatasi haimsaidii wa zamu inayofuata, ambaye anaweza kumpa dozi ya pili. Mwenye toroli la dawa asisemeshwe wala asiitwe kupokea simu. Vurugu mnayoilalamikia inaanzia hapo zaidi ya kwenye idadi ya wakazi.

Kama muda hautoshi, mwombeni mfamasia apitie karatasi zote 22. Dawa nyingi za mara tatu kwa siku zina mbadala wa mara moja, na nyingine hazina kazi tena. Ila za ugonjwa wa Parkinson msizisogeze. Levodopa ikichelewa hata nusu saa, mkazi anaweza kukakamaa, ashindwe kutembea na kumeza, kisha ionekane ni "mkaidi leo". Huyo apewe kwa saa yake, raundi imfuate yeye.

Kuhusu kusaga: kidonge kinachoachia dawa kidogo kidogo kikisagwa humwaga dozi ya saa 12 au 24 kwa mkupuo. Mara nyingi utakitambua kwa herufi kama SR, MR, XL au ER baada ya jina. Vyenye ganda maalumu nalo limewekwa kwa sababu: kulinda tumbo au kulinda dawa yenyewe. Alendroneti, ya mifupa, huchoma koo na umio. Hiyo humezwa nzima asubuhi kabla ya chakula, kwa bilauri nzima ya maji, na mkazi akae wima angalau dakika 30. Bibi yenu anaweza kuandikiwa za maji au za kubandika. Msibuni.

Tena uji mzima usichanganywe dawa. Akiacha nusu bakuli amekunywa dozi gani? Na kama hajui kwamba uji una dawa, hilo ni jambo zito jingine: kumficha mtu dawa hufanyika tu pale ilipothibitishwa kwamba hawezi kuamua mwenyewe, na daktari, mfamasia na familia wamekubaliana kwa maandishi, kwa dawa iliyotajwa jina.

Kushindwa kumeza nako kusiachwe hivi hivi. Kama anakohoa akinywa, au sauti inakuwa ya majimaji baada ya funda mbili, apelekwe kwa mtaalamu wa kumeza. Kwa sasa alishwe akiwa ameketi wima, abaki hivyo dakika 30 baadaye, na kinywa kisafishwe asubuhi na usiku. Mabaki ya chakula na vijidudu vya kinywani vikishuka mapafuni ndivyo huleta nimonia.

SWALI: Mkazi wetu ana alama nyekundu kisiginoni na kwenye tako. Tunasugua kwa mafuta, tunamgeuza kila saa 2, fomu zote zimejazwa, lakini alama hazitoki. (Muuguzi msaidizi)

JIBU: Acheni kusugua leo. Mishipa midogo ya hapo tayari imekosa damu, na kusugua huichana. Bonyeza alama kwa kidole kisha achia: ikipauka na kurudi wekundu, ngozi bado inajitetea. Isipopauka, hicho ni kidonda cha kulalia daraja la kwanza, ingawa hakijachubuka. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, hautauona. Linganisha na upande wa pili: pana joto, pagumu au pamekuwa teketeke, panauma, rangi imeelekea zambarau?

Kisigino kipate hewa. Laza mto chini ya shavu la mguu kwa urefu, hadi karatasi ipite chini ya kisigino bila kugusa. Mto uliowekwa chini ya kisigino chenyewe haujasaidia kitu. Ubavuni alazwe kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mto mgongoni. Akilala ubavu kamili, uzito wote unaangukia mfupa wa nyonga. Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa chakula, kwani mkazi huteleza chini na ngozi ya tako hubaki nyuma ikivutwa. Mto wenye tundu katikati utupeni. Kumbukeni pia kiti: anayegeuzwa usiku kucha kisha akaketishwa saa 5 mfululizo mchana, kidonda chake kinatoka kwenye kiti.

Sasa hizo fomu. Zikionyesha 2:00, 4:00, 6:00 bila kupishana hata dakika, wino mmoja, mwandiko mmoja, tutasema bila kuzunguka: zimejazwa mwisho wa zamu. Fomu ya kweli ina 2:10 na 4:25, ina "kushoto", "kulia", na mahali pengine ina "amekataa". Tena saa 2 si sheria ya mbinguni. Ngozi ikibaki na alama baada ya saa 2, muda wake ni mfupi zaidi. Kisigino chenye ganda jeusi kavu kisibanduliwe. Kikianza kunuka, kutoa usaha au mkazi akipata homa, daktari aitwe siku hiyo.

SWALI: Wakazi wawili wanahara na kutapika. Kitakasa mikono kinatosha? (Msimamizi)

JIBU: Hakitoshi. Wawili kwa pamoja ni mlipuko mpaka ithibitike vinginevyo, na norovirusi, kirusi cha kuharisha na kutapisha, haitishwi sana na kitakasa cha pombe. Maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Mahali palipotapikiwa pasafishwe kwanza kwa sabuni, kisha klorini: blichi ya asilimia 5, mililita 20 kwenye mililita 980 za maji, iachwe dakika 10. Ichanganywe upya kila siku, na kamwe isikutane na tindikali au sabuni nyingine ya choo. Mlezi aliyeugua arudi saa 48 baada ya dalili ya mwisho, si anapojisikia nafuu. Msimamizi anayemkata mshahara kwa saa hizo atamrudisha kazini akiwa mgonjwa.

SWALI: Mama ana michubuko ya bluu mikono yote miwili, juu ya viwiko. Wananiambia ngozi ya wazee ni laini. Niamini? (Mwana wa pekee)

JIBU: Ni laini kweli, na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza michubuko. Lakini michubuko ya namna hiyo kwa kawaida huwa nyuma ya viganja na kwenye vigasha, anapojigonga mwenyewe. Alama zenye umbo la vidole upande wa ndani juu ya viwiko zinaonyesha ameshikwa. Huenda si ukatili. Huenda ananyanyuliwa kwa kushikwa makwapani, njia mbaya inayoumiza mabega na bado inatumika kwa kuwa ni ya haraka.

Mwulize mama mwenyewe kwanza, mkiwa wawili tu, kwa swali lililo wazi: "Huwa wanakuinuaje?" Kisha omba mchoro wa mwili unaoonyesha alama iligunduliwa lini na nani. Kama haumo kwenye faili, alama za mama hazikuandikwa, na hilo peke yake ni kosa. Omba uwepo anapohamishwa kutoka kitandani. Kama hawezi kusimama atumiwe mashine ya kuinulia: walezi wawili, kitambaa cha kubebea cha kipimo chake, kishono kikikaguliwa kabla. Kiti cha magurudumu kifungwe breki, mashine isifungwe wakati wa kuinua ili ijisogeze yenyewe chini ya uzito. Ukaguzi wa fundi, kila miezi 6, uwe umebandikwa tarehe kwenye chuma.

Piga picha kwa ridhaa yake, andika tarehe, peleka barua kwa msimamizi ubaki na nakala. Usipopata jibu la maandishi ndani ya siku chache, au alama mpya zikitokea, barua hiyo hiyo iende kwa mamlaka inayokagua makao. Na kama mama anamwogopa mtu fulani, ananyamaza akiingia, usingoje siku hata moja: omba mtu huyo aondolewe kwenye huduma yake uchunguzi ukiendelea, na ukipata jibu la kusitasita nenda moja kwa moja kwa mamlaka na polisi.